Vijidudu vya Tumbo la Mtoto Mchanga na Ukuaji wa Ubongo: Kuhusiana na Kusababisha

Mwanafunzi wetu mmoja alijifungua kwa upasuaji wakati wa likizo. Aliporudi masomoni alituletea karatasi aliyopewa mahali pa kuuzia dawa, iliyochapwa kwa Kifaransa upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili. Upande wa Kifaransa ulieleza kwamba wataalamu wameona uhusiano kati ya namna mtoto anavyozaliwa, vijidudu vya tumbo lake, na ukuaji wa ubongo. Upande wa Kiswahili ulisema kwamba kuzaliwa kwa kupasuliwa mama husababisha mtoto kukosa vijidudu vizuri na hivyo kupungukiwa na akili. Chini yake ilitajwa bei ya unga wa kumponya. Swali la mama huyo lilikuwa fupi: "Mwalimu, ni kweli?"

Sisi si waganga. Kazi yetu ni lugha. Lakini kosa la kwanza la karatasi ile ni la lugha, nalo limo katika kitenzi. Kuhusiana kuna kiambishi cha kutendana: vitu viwili vinakutana, wala hatujui bado ni kipi kinachokivuta kingine, au kama kuna cha tatu kinachovivuta vyote viwili. Kusababisha kuna kiambishi cha kutendesha: kimoja kimekwisha kufanywa mtenda, na kingine mtendwa. Mfasiri aliyeruka kutoka kiambishi cha kwanza hadi cha pili amemtwika mama mzazi hatia ambayo wataalamu wenyewe hawakumtwika. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha ni wapi, katika elimu hii, mtu ana haki ya kusema "husababisha", na ni wapi hana budi kuishia kwenye "huhusiana".

Majina na vitu

Viumbe tunavyovizungumzia havionekani ila kwa hadubini, na katika Kiswahili vina majina mengi: bakteria, vijiumbe, vijidudu, vijasumu. Mitaani kwetu watu husema mikrobe, neno la Kifaransa lililokwisha kupata uraia. Kila jina lina mzigo wake. Neno vijasumu limebeba sumu ndani yake, na mtu hawezi kusema "vijasumu vyenye faida" bila kujipinga mwenyewe. Tutatumia vijidudu, tukimwomba msomaji asahau kwa muda kwamba nyumbani mdudu ni kitu cha kuuawa.

Elimu yenyewe si changa kama magazeti yanavyoisimulia. Mwaka 1885 Theodor Escherich, daktari wa watoto huko München, Ujerumani, alitoa uchunguzi wake juu ya vijidudu vya matumbo ya watoto wachanga, akaeleza jinsi vinavyoingia baada ya kuzaliwa. Kimojawapo kina jina lake hadi leo. Miaka kumi na mitano hivi baadaye, Henry Tissier wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris aliona katika kinyesi cha watoto wanaonyonya kijidudu chenye umbo la panda, kama herufi Y, akakipa jina la Kilatini lenye maana ya kitu kilichogawanyika pande mbili. Ndiyo asili ya neno bifidobakteria.

Wingi wa viumbe hivi unashangaza. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 na Ron Sender na wenzake inasema kwamba mtu mzima wa kilo 70 hubeba karibu trilioni 38 za bakteria, nao wote pamoja wana uzito wa gramu 200 hivi. Karibu wote wanakaa katika utumbo mpana. Mtoto mchanga huwapokea kwa siku chache tu: kutoka njia ya uzazi na haja ya mama, kutoka ngozi yake, kutoka matiti, kutoka mikono inayompokea na nguo anazofungiwa.

Hapa maziwa ya mama yana jambo ambalo, kwa maoni yetu, ni zuri kuliko yote katika habari hii. Ukiacha maji, kitu cha kwanza kwa wingi katika maziwa hayo ni sukari ya laktosi, cha pili ni mafuta, na cha tatu ni aina ya sukari ndefundefu ziitwazo oligosakaridi, ambazo mtoto hana uwezo wa kuzisaga. Zinapita tumboni mwake nzima nzima hadi utumbo mpana. Kwa nini mwili wa mama ujichoshe kutengeneza chakula ambacho mwanawe hawezi kukila? Jibu ni kwamba si chake: ni cha vijidudu vyake. Aina moja ya bifidobakteria, iitwayo infantis, imeumbika kuzila sukari hizo, na kwa kuzila hutoa asidi zinazowafukuza wageni wabaya. Aina hiyo huonekana kwa wingi katika watoto wa Gambia na Bangladesh kuliko katika watoto wa Marekani. Mama anyonyeshaye, basi, anawapikia wawili katika chungu kimoja.

Njia za kutoka tumboni kwenda kichwani

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba tumbo na fikira vinajuana. Mtu mwenye wasiwasi mkubwa husemwa kuwa yuko tumbo joto. Wataalamu wanaeleza njia kadhaa ambazo kwazo habari husafiri. Kuna neva iitwayo vagasi, inayounganisha shina la ubongo na moyo, mapafu na matumbo. Nyuzi zake zilizo nyingi zaidi hupandisha habari kuliko zile zinazoteremsha amri. Kuna kinga ya mwili, ambayo sehemu yake kubwa imejengwa kandokando ya utumbo na hujifunza huko kumtambua rafiki na adui. Kuna pia asidi fupi za mafuta, zinazotokana na vijidudu kuchachusha chakula, ambazo huingia katika damu.

Njia moja inasimuliwa vibaya mara kwa mara, nasi tungependa kuisahihisha. Husemwa kwamba serotonini, kemikali inayotajwa sana katika habari za furaha na huzuni, hutengenezwa tumboni kwa asilimia 90, na kwa hiyo tumbo ndilo linalotengeneza furaha. Sehemu ya kwanza ni kweli. Mwaka 2015 watafiti wa California walionyesha hata kwamba vijidudu fulani huuchochea utumbo wa panya uitengeneze kwa wingi. Lakini serotonini ya tumboni haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Ubongo hujitengenezea yake. Ikiwa ile ya tumboni inaugusa ubongo, huugusa kwa kuzunguka, kupitia neva na damu.

Panya wasio na vijidudu

Ili mtu aseme "husababisha", hana budi kuondoa kitu kimoja na kuacha vingine vyote kama vilivyokuwa, kisha akirudishe atazame. Kwa watoto wa watu jambo hilo haliwezekani wala halifai. Kwa panya limewezekana: wapo panya wanaozalishwa na kulelewa ndani ya vyumba vilivyotakaswa kabisa, wasipate hata kijidudu kimoja tangu kuzaliwa.

Mwaka 2004 Nobuyuki Sudo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, waliwafungia panya wa namna hiyo mahali pembamba wasipoweza kujigeuza, halafu wakapima homoni za mfadhaiko katika damu yao. Panya wasio na vijidudu walifadhaika kupita kiasi, kuliko panya wa kawaida waliotendewa vivyo hivyo. Walipopewa bifidobakteria ya infantis tu, mfadhaiko wao ulirudi katika kipimo cha kawaida. Lakini jambo la kutazamwa zaidi ni hili: panya waliopewa vijidudu vya panya wa kawaida wakiwa bado wadogo walirekebika kwa sehemu, na wale waliopewa baada ya kukua hawakurekebika. Mlango ulikuwa wazi kwa muda, kisha ukafungwa.

Mwaka 2011 Rochellys Diaz Heijtz na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walipata jambo linalofanana. Panya wao wasio na vijidudu walitembeatembea mno na kuthubutu kwenda mahali ambapo panya mwenye hadhari haendi. Waliopewa vijidudu mapema walikua kama wenzao wa kawaida. Msomaji ataona kwamba matokeo haya mawili hayalingani sawasawa: wa Japani walizidi kufadhaika, wa Sweden walipungukiwa na woga. Vipimo vilikuwa tofauti na mbegu za panya zilikuwa tofauti. Hatuna haja ya kuyaficha hayo. Panya si kitabu kimoja chenye ukurasa mmoja.

Tena si kila mlango hufungwa. Mwaka 2015 kundi la Freiburg, Ujerumani, lilitazama mikroglia, yaani seli zinazoulinda ubongo na, wakati wa utoto, kupogoa viungo vya neva vilivyozidi, kama mkulima anavyopogoa kahawa. Katika panya wasio na vijidudu seli hizo zilikuwa changa na zembe. Lakini panya hao walipopewa asidi fupi za mafuta katika maji ya kunywa, hata baada ya kukua, mikroglia zao zilipata nafuu kubwa.

Katika panya, basi, tuna haki ya kitenzi cha kutendesha. Tukumbuke hata hivyo kwamba panya asiye na kijidudu hata kimoja hayupo duniani nje ya chumba chake. Mtoto aliyezaliwa kwa upasuaji si panya huyo. Hajakosa vijidudu, amepata vingine.

Kutoka kwa panya hadi kwa mtoto

Kuna saa mbili zinazokwenda pamoja katika mwili wa mtoto. Ubongo wake, ambao siku ya kuzaliwa una karibu robo tu ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, hufikia karibu robo tatu au zaidi kabla hajatimiza miaka 3. Na jamii ya vijidudu vyake nayo, kama ulivyoonyesha uchunguzi wa mwaka 2012 uliohusu watu wa Malawi, wa misitu ya Venezuela na wa Marekani, huanza kufanana na ya watu wazima afikapo miaka 3 hivi. Kwenda pamoja kwa saa mbili si ushahidi kwamba moja inaisukuma nyingine. Ni sababu ya kutafuta tu.

Waliotafuta wamepata nini? Mwaka 2018 watafiti wa North Carolina walitangaza uchunguzi wa watoto 89, ambao vijidudu vyao vilipimwa wakiwa na mwaka 1 na akili yao ikapimwa wakiwa na miaka 2. Watoto waliokuwa na wingi wa bakteroidi walipata alama bora. Lakini waliokuwa na vijidudu vya aina nyingi zaidi walipata alama za chini, kinyume cha matarajio, maana kwa watu wazima wingi wa aina huhesabiwa kuwa dalili ya afya. Na picha za ubongo hazikuonyesha tofauti za maana. Huo ni uhusiano, wala si zaidi.

Sasa tulijibu swali la mama. Ni kweli kwamba mtoto wa upasuaji hupata vijidudu tofauti mwanzoni. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2019, juu ya watoto karibu 600, ulionyesha kwamba watoto hao hupungukiwa na bakteroidi na huwa na vijidudu vya hospitali zaidi. Kadiri miezi inavyopita tofauti hizo hupungua, ingawa bakteroidi huchelewa. Ni kweli pia kwamba, katika hesabu za jumla, watoto wa upasuaji wameonekana kuwa na usonji mara nyingi kidogo zaidi, yaani ile hali inayomfanya mtoto apate shida katika kuwasiliana na wenzake.

Lakini mwaka 2015 Eileen Curran na wenzake walizichukua kumbukumbu za kuzaliwa kwa watoto zaidi ya milioni 2 wa Sweden. Walipowatazama wote kwa pamoja, ule uhusiano ulionekana. Ndipo wakafanya jambo ambalo Kiswahili chetu kina jina lake tayari: wakawalinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja aliyezaliwa kwa upasuaji na mwenzake aliyezaliwa kwa njia ya kawaida. Uhusiano ukatoweka. Kilichowatofautisha watoto hakikuwa kisu, bali mambo ambayo ndugu huyashiriki: damu ya wazazi, hali ya nyumba, afya ya mama, pengine na sababu zilezile zilizompeleka mama kupasuliwa. Yule wa tatu tuliyemtaja mwanzoni, anayewavuta wote wawili, ndiye huyo.

Kuhusu unga uliotajwa bei katika karatasi, tutasema kidogo. Kumtilia mtoto vijidudu si mchezo. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya madaktari wasiwape ovyo watoto waliozaliwa kabla ya wakati bidhaa za namna hiyo, baada ya mtoto mmoja kufariki kwa maambukizo yaliyotokana na kijidudu kilichokuwemo humo. Kijidudu kilicho rafiki katika utumbo wa mtoto mwenye nguvu chaweza kuwa adui katika damu ya mtoto dhaifu.

Njaa, maziwa na bwaki

Kwa maoni yetu, anayetaka kujua jambo hili linatugusa wapi asitazame chumba cha upasuaji, atazame chungu. Ugonjwa ambao duniani unaitwa kwashiorkor, kwa neno la lugha ya Kiga ambalo daktari Cicely Williams alilitoa Gold Coast na kuliandika mwaka 1935, huku Kivu tunauita bwaki. Neno la Kiga hufasiriwa kuwa ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Maelezo ya asili ya ugonjwa yamo katika jina lenyewe. Lakini kwa nini nyumba moja, chakula kimoja, mtoto mmoja apatwe na mwenzake asipatwe?

Huko Malawi watafiti wa kundi la Jeffrey Gordon waliwafuata mapacha 317 jozi kwa jozi, na mwaka 2013 wakaeleza kwamba vijidudu vya pacha mwenye kwashiorkor, vilipotiwa katika panya waliokuwa hawana vijidudu na wanaolishwa chakula cha Malawi, viliwakondesha sana kuliko vile vya pacha mzima. Chakula peke yake hakikutosha kuleta matokeo hayo; vijidudu peke yake havikutosha. Mwaka 2016 wakaongeza jambo la maziwa. Mama ambao watoto wao wa miezi 6 walikuwa wamedumaa sana walikuwa na upungufu wa zile oligosakaridi zenye asidi ya siali, ambayo ubongo unaokua unaihitaji. Watafiti wakazipata sukari za namna hiyo katika maziwa ya ng'ombe, wakawapa panya wadogo waliobeba vijidudu vya mtoto wa Malawi aliyedumaa: panya wakakua vizuri zaidi. Waliwapa sukari zilezile panya wasio na vijidudu: hakuna kilichobadilika. Hatujapata kuona mfano ulio wazi kuliko huu wa kutendesha kunakohitaji watendaji wawili.

Kisha wakaja kwa watoto wenyewe. Katika mtaa wa Mirpur, mjini Dhaka, Bangladesh, watoto wenye utapiamlo wa kiasi, wa umri wa miezi 12 hadi 18, walipewa kwa miezi 3 chakula kilichochaguliwa makusudi ili kuwalisha vijidudu wanaohitajika. Kilikuwa na dengu, karanga, soya na ndizi mbichi. Watoto wengine walipewa chakula cha kawaida cha msaada, ambacho kilikuwa na nguvu nyingi zaidi ya mwili. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2021, yalikuwa kwamba wale wa kwanza waliongezeka uzito haraka zaidi, na katika damu yao zikapanda protini zinazohusika na ukuaji wa mifupa na wa neva. Wala hakusemwa kwamba walipata akili zaidi. Hilo halikuwa limepimwa, na kitenzi kikaishia mahali pake. Karanga, soya na ndizi mbichi, hata hivyo, si vitu vya kuagizwa kwa meli. Vimo sokoni kwetu.

Nasi tuna ushahidi wetu wa nyumbani. Huko Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, hospitali imewatibu watoto wenye utapiamlo kwa miongo mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwatafuta watu wazima waliotibiwa huko utotoni, kati ya 1988 na 2007, ukawalinganisha na wenzao wa vijiji hivyohivyo ambao hawakuugua. Waliougua walikuwa nyuma katika masomo. Utafiti huo haukuhusu vijidudu, na itakuwa ni kosa lile lile la karatasi ya dawa tukiviingiza kwa nguvu. Vita, umaskini na njaa iliyoendelea baada ya kutoka hospitalini vina nafasi yao. Lakini unaonyesha ni nini kilichomo hatarini: si gramu za uzani tu, bali darasa ambalo mtoto atafika.

Mama yule alituuliza maswali mengine mawili. La kwanza lilihusu maji ya moto yenye sukari, ambayo bibi wa mtoto alitaka kumpa tangu siku ya kwanza. Tulimjibu yale ambayo Shirika la Afya Duniani limeyashauri tangu 2001: maziwa ya mama matupu kwa miezi 6, bila maji, na kwa mtoto wa upasuaji ushauri huo una uzito wa ziada, kwa kuwa ndiyo njia iliyo salama ya kuwalisha bifidobakteria. La pili lilihusu antibiotiki, ambazo huuzwa kwetu kidonge kimoja kimoja. Mtoto mwenye ugonjwa uliothibitishwa na daktari azipate, maana zinaokoa maisha, na vijidudu vitarudi. Mtoto mwenye mafua tu hazimsaidii, nazo hufyeka marafiki pamoja na maadui.

Karatasi tumeiandika upya darasani, upande wa Kiswahili, kama zoezi la tafsiri. Sentensi iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya kwanza. Baada ya majaribio mengi wanafunzi waliafikiana juu ya maneno haya: "Mtoto aliyezaliwa kwa upasuaji huanza na vijidudu vilivyo tofauti na vya wenzake, tofauti hiyo hupungua kadiri anavyokua, na haijaonekana kwamba inamharibu akili." Mmoja alitaka kuongeza neno "kamwe" mwishoni. Tulilifuta.